Mungu Hakusema Neno

Jumatano ile Dévote alikuwa katikati ya maombi, mikono juu, macho amefumba, sauti imepanda mpaka kwenye mabati, aliposikia wanawake wenzake wananyamaza mmoja mmoja. Kwanza alidhani ni Roho amewashukia. Alipofumbua macho alimwona Prudence, mjane wa kaka yake, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Kichwani alibeba godoro la sponji lililokunjwa na kufungwa kamba, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi la njia yote kutoka Bwiza.

Sebule ile ya Ngagara ilikuwa na sifa yake. Kila Jumatano mchana wanawake wa kanisa walijaa humo, wengine wakakaa sakafuni, kwa sababu Mama Darius, kama walivyomwita Dévote kwa jina la mwanawe aliyesoma shule ya bweni Gitega, alikuwa na kipawa. Akiomba, watu walilia. Tangu vita vianze, na hasa tangu vikwazo vya nchi jirani vipandishe sukari na petroli mpaka mtu anashika kichwa, watu walikuwa na haja ya mwombaji kuliko hata haja ya sukari. Karibuni mchungaji angemsimika mbele ya kanisa zima awe kiongozi wa maombi ya akina mama.

"Umepata mgeni?" aliuliza Consolate, mke wa mkurugenzi mmoja wa serikali, aliyehamia Ngagara baada ya vita kuanza kama wengi wa wanawake wale, na ambaye daima aliachiwa kiti chenye mto.

Jibu lilikuwa jepesi: huyu ni wifi yangu. Lakini Prudence alikuwa Mhutu, na katika kartie ile, mtaa wa Watutsi kama Dévote mwenyewe, tangu Wahutu walipofukuzwa nyumba kwa nyumba miaka miwili nyuma, hakuwa amebaki hata mmoja. Vijana waliokaa kwenye kona, karibu na duka la soda, ndio waliolinda hali hiyo ibaki hivyo.

"Ni mama mmoja tu, ana shida," Dévote alisema. Kisha, bila kumtazama Prudence usoni, "Mama, zunguka nyuma, uningoje jikoni."

Prudence alielewa papo hapo. Dévote aliliona hilo, na ndilo lililomchoma zaidi baadaye: kwamba yule mwanamke, na uchovu wake wote, alimsaidia kudanganya. "Ndiyo, mama. Munisamehe," alisema kwa sauti ya mtu baki, akageuka na godoro lake.

"Shangazi!" mtoto aliita kutoka mgongoni. Jina lake Nella, miaka minne. "Shangazi Dévote!"

Vichwa viligeuka. Consolate akatabasamu. "Watoto wa siku hizi. Kila mwanamke ni shangazi."

Wakacheka. Dévote naye alicheka pamoja nao, kisha akafumba macho na kuendelea na maombi pale alipoachia.

Jikoni, wageni walipokwisha kuondoka, Prudence alikuwa ameshawasha mbabula, jiko la mkaa, na kuteleka maji, kama mtu anayetaka kulipia nafasi aliyosimama.

"Umepitaje kwenye kona?" lilikuwa swali la kwanza la Dévote. Alijisikia mwenyewe akiliuliza kabla hata ya kusema pole.

"Nilishusha godoro likanifunika uso. Walidhani mi ni mpagazi." Prudence alimshusha Nella chini. "Dada, mwenye nyumba amenitoa. Anasema alimpangishia Méthode, si mi. Méthode alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa kibali changu kwa ile njia. Sasa kibali kimekufa."

Méthode alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, katika gari lililoshambuliwa kwenye barabara ya kusini. Waliolishambulia walikuwa Wahutu, na hilo nalo Prudence alikuwa amelipia: siku ya mazishi hakuna mtu wa ukoo aliyekaa karibu naye ila Dévote. Siku ile Dévote alikaa. Alikumbuka jambo hilo sasa akalishika kama mtu anayeshika risiti.

Sylvère, mume wake, alirudi kutoka wizarani jioni, akamkuta Nella anakula ugali na ndagala mezani kwake. Alikuwa mtu mpole, shemasi kanisani, mwenye kuvaa tai hata siku ya joto. Alimpapasa mtoto kichwani, akamwita mkewe chumbani, akafunga mlango.

"Unajua watafanya nini?"

"Najua."

"Watachoma. Wataanza na yeye, watamalizia na sisi. Mi sifichi, Dévote, naogopa. Nitamwambia ukweli."

"Usimwambie kitu," Dévote alisema. "Tuombe kwanza. Tumwachie Mungu jambo hili."

Sylvère alishusha pumzi. Hakuna shemasi anayekataa neno kama hilo.

Prudence akalala stoo, kati ya magunia ya mkaa na baiskeli ya Darius. Masharti aliambiwa kwa upole: asiende bombani, kwa sababu bomba linaonekana kutoka barabarani. Nguo zake asianike nje. Nella asicheze mlangoni, na mbele ya watu asiseme shangazi, aseme madame. Mtoto alishika somo upesi kuliko walivyotarajia. Kesho yake hawakuwa na mgeni yeyote, walikuwa wao tu mezani, akasema, "Madame, naomba maji." Hakuna aliyemsahihisha. Mama yake alimmiminia maji.

Usiku wa tatu, mezani, Sylvère, kwa adabu, alimwomba mgeni aombee chakula. Prudence aliomba kama anavyozungumza, bila kupandisha sauti. Alishukuru kwa maharage, kwa paa, kwa dada yake na shemeji yake waliomfungulia mlango. Kisha akasema, "Na wale vijana wa kona, Bwana, uwape kazi, wasikae pale mchana kutwa." Sylvère alifumbua macho kabla ya amina, akamkuta mkewe naye amefumbua. Wakatazamana juu ya sufuria, kila mmoja akayakwepa macho ya mwenzake.

Consolate alikuja peke yake siku ya Jumamosi, bila kualikwa, na pakiti ya biskuti.

"Mama Darius, nakupenda, ndiyo maana nakuja mwenyewe," alisema. "Kuna maneno kwa kartie. Wanasema kwako kuna mutu."

"Ni mjane, mama. Anapita tu."

"Wajane tunawaombea wote. Lakini wewe unakwenda kusimikwa. Mwombaji anatakiwa awe na mikono mitupu, isiyoshikwa na mambo ya watu. Jimmy na wenzake wa kona wameniuliza mimi, kwa heshima, kabla hawajaja kukuuliza wewe. Unaelewa? Kwa heshima." Aliweka biskuti mezani. "Mwulize Mungu. Atakwambia."

Dévote alifunga siku nzima. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwuliza Mungu, na ukweli ni kwamba alimwuliza huku jibu ameshalikunja mkononi. Alisikia redio ya jirani, alisikia Nella anakohoa stoo. Mungu hakusema neno. Dévote hakungoja sana. Aliinuka, akapangusa magoti, akaenda jikoni, ambako Prudence alikuwa anachambua maharage.

"Prudence, nimefunga kwa ajili yako."

"Asante, dada."

"Na Mungu amenionyesha." Sauti ilitoka vizuri, ile ile ya Jumatano. "Nafasi yako haiko hapa. Amekuandalia pahali pengine, pazuri kuliko hapa. Utoke, utapaona."

Mikono ya Prudence ilisimama ndani ya ungo. "Amekuonyesha wapi?"

"Wapi hakunionyesha."

Prudence alifikiri. "Dada, nikwambie kitu. Kama ni wewe na shemeji munaogopa, sema tu. Woga mi naujua, tunalala nao. Sitakasirika. Nitatoka nikijua natafuta kwa akili yangu, nitajificha, nitapita njia za nyuma. Lakini kama ni Mungu amesema, hiyo ni kitu ingine. Nitatoka mchana, nimemtegemea yeye. Kwa hiyo niambie vizuri."

Alikuwa amemfungulia mlango, mpana, wa kutokea bila hata kuinama. Dévote aliuona. Angesema maneno mawili tu, tunaogopa, na mambo yangekwisha kwa machozi ya kawaida ya ndugu. Lakini mwanamke ambaye kanisa zima linangoja kumsimika anaanzaje kusema anaogopa?

"Ni Mungu," alisema.

"Basi amina," Prudence alijibu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo Dévote hakuwa ameiona tangu msiba. Alikuwa ameamini.

Asubuhi alitoka. Alipiga magoti sebuleni, akawabariki waliomo, akafunga godoro. Dévote alimpa kitenge na mchele. Sylvère alibaki chumbani akifunga vifungo vya shati lililokuwa limeshafungwa. Prudence alipita mlango wa mbele, mchana kweupe, mtoto mgongoni, na safari hii hakushusha godoro usoni. Bahati au nini, kwenye kona vijana walikuwa hawajafika.

Jumatano iliyofuata Dévote aliogopa kwamba sauti haitatoka. Ikatoka. Ilitoka tamu kuliko siku zote, wanawake wakalia, Consolate akapangusa macho kwa leso yenye maua. Kipawa hakikupungua hata chembe, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alijiona kama mwuza maziwa aliyetia maji, na wateja wanasifu utamu wake.

Baada ya hapo chakula kilimshinda. Sylvère alimtazama siku mbili, ya tatu akaweka kijiko chini.

"Kwa nini ulimwingiza Mungu?" aliuliza. "Mi nilikuwa tayari kusema naogopa. Ningesema, angenidharau kidogo, yangeisha. Aibu ingekuwa yangu, na mi ni mwanamume, ningeibeba. Sasa tumemvisha Mungu aibu yetu."

"Nikamtafute?"

"Ukimpata utamwambia nini?"

Hakujua. Akaenda hata hivyo. Huko Bwiza mwenye nyumba hakumfungulia hata lango. Akashuka Buyenzi, katikati ya magereji, ambako mafundi walikuwa chini ya magari yasiyokuwa na petroli, wakiyatengeneza kwa matumaini tu. Mwuza chapati mmoja, aliyeitwa Sijaona, alimsikiliza akieleza, mwanamke mrefu, mtoto wa kike, godoro.

"Yule wa Mungu?" Sijaona alisema. "Yuko kwa Obeid, yule anayeuza spea. Nyumba yenye lango la kijani. Gonga tu."

Aliyefungua alikuwa Mahfudha, mke wa Obeid, mwanamke mnene wa asili ya Kiarabu, mtandio umemteleza mabegani. Dévote alipojitaja, Mahfudha alimshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye wifi yake? Wewe ndiye wa maombi? Karibu, bibi, karibu ndani, usikae hapo, kaa hapa." Alimkalisha kwenye kochi kubwa lililofunikwa nailoni, akaagiza sharubati. "Kila siku anatusimulia habari zako. Alikuja hapa mlangoni kuomba maji ya mtoto. Nikamwuliza, unakwenda wapi na jua hili? Akasema, sijui, Mungu amemwonyesha wifi yangu kwamba nimeandaliwa pahali pazuri, ndipo napatafuta. Nikamwita Obeid. Nikamwambia, mtu anatafuta nyumba aliyoandaliwa na Mungu, sisi tutamwambia siyo hii? Subhanallah! Nani angethubutu?" Akacheka, macho yamelowa. "Sisi si wa dini moja, bibi. Lakini mtu anayeambiwa na Mungu tunamheshimu. Umetuletea baraka."

Sharubati ililetwa kwenye trei, katika bilauri ya wageni. Dévote aliishika asiinywe. Angeweza kukubali. Hakuna aliyekuwa analalamika. Mjane amepata paa, Waislamu wamepata baraka, na yeye amepata sifa hata Buyenzi. Uongo wake ulikuwa umezaa matunda mema kuliko ukweli wa watu wengi.

Prudence aliingia kutoka uani, mikono imejaa unga. "Dada! Umeona? Umeona pahali penyewe?"

"Prudence," Dévote alisema, na sauti haikuwa ya Jumatano, ilikuwa nyembamba, imekwaruza. "Hakuwa Mungu. Nilikudanganya. Consolate alikuja, nikaogopa vijana, nikaogopa kusimikwa kusije kukaharibika. Mungu hakuniambia kitu. Ni mimi."

Mahfudha aliacha kutabasamu. Alimchukua Nella, aliyeingia nyuma ya mama yake, akampeleka uani.

Prudence alisimama pale pale. Unga ulikuwa unamdondoka vidoleni, juu ya zulia la watu.

"Ungeniacha na hiyo," alisema mwishowe.

"Nilitaka ujue kweli."

"Ulitaka wewe upumue." Hakupaza sauti. "Unajua nilipita barieri ya askari? Walinisimamisha, wakaniuliza kabila. Sikutetemeka hata kidogo, kwa sababu nilisema, Mungu amekwisha kusema, hawa watanifanya nini? Wakaniacha. Ningetetemeka je? Na mtoto mgongoni? Sasa umekuja kunipa woga wangu leo, baada ya njia kwisha. Ili urudi nyumbani mwepesi."

Machozi yalimjia Dévote, akayaonea haya, kwa sababu alijua jinsi anavyolia vizuri.

"Mi sijui tena ni nani aliyenileta hapa," Prudence alisema. "Nitamwuliza mwenyewe. Sitapitia kwako."

"Rudi nyumbani, Prudence. Nitawaambia wote wewe ni nani."

"Kurudi apana. Hapa wananiita kwa jina langu." Alifuta mikono kwenye kitenge. Kisha akasema kwa ukali kidogo, kama mtu anayedai haki yake: "Tangu nitoke kwako sijaingia kanisani. Kupita Ngagara peke yangu siwezi, sasa nimekuwa na akili. Jumapili uje unichukue."

"Kuna makanisa mengine, karibu na..."

"Nilifungia ndoa pale. Mtoto alibarikiwa pale. Ni kanisa langu kabla halijakuwa lako na la Consolate."

Dévote aliiona kona, duka la soda, nyuso za vijana. Aliona sebule yake bila watu. "Naogopa," alisema.

"Sasa umesema."

"Nitakuja."

Jumapili ile ndiyo iliyokuwa imepangwa kumsimika. Sylvère alivaa tai, akasema yeye ana kazi za ushemasi, atatangulia. "Mi siwezi, Dévote," alisema akiangalia viatu. "Usinilazimishe." Hakumlazimisha. Alitoka peke yake, akashuka Buyenzi, akawakuta Prudence na Nella wamevaa, mtoto amefungwa utepe mweupe kichwani na Mahfudha, ambaye aliwasindikiza mpaka mwisho wa njia huku midomo yake ikisoma kitu kimya kimya.

Walipofika kwenye kona, Jimmy aliinuka kutoka kwenye kreti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mwenye sura nzuri, aliyewahi kuimba kwaya ya watoto Dévote akiwa mwalimu wake.

"Mama Darius, mwamukeho," alisalimu kwa adabu. "Huyu ni nani?"

Dévote alijaribu kuomba kimoyomoyo, hakupata hata neno. "Ni mke wa marehemu kaka yangu, Méthode. Wifi yangu. Huyu mtoto ni wetu. Tunakwenda kuabudu."

Jimmy aliwatazama, akamtazama zaidi Prudence, ambaye naye alimtazama bila kuinamisha kichwa.

"Kwenda ni sawa," Jimmy alisema, akakaa. "Kurudi je?"

Wakapita. Waliharakisha mpaka mlango wa kanisa.

Ndani, kwenye benchi la akina mama, watu walisogea kuwapa nafasi, kisha wakaendelea kusogea, mpaka nafasi ikawa kubwa kuliko ilivyohitajika. Consolate aligeuka mara moja, akawaona, akafungua kitabu chake cha nyimbo. Wakati wa maombi ya akina mama ulipofika, macho ya mchungaji yalikuja mpaka kwa Dévote, yakampita kama yanavyopita nguzo. Alisema kwamba kusimikwa kumeahirishwa, na kwamba Mama Consolate ataongoza leo. Dévote alihisi uso wake unawaka mbele ya kanisa zima. Aliinamisha kichwa. Pembeni yake Prudence alikuwa ameshafumba macho, hayupo nao tena, midomo inacheza, anamwuliza mwenyewe alilosema atamwuliza. Aliabudu kama mtu mwenye kiu aliyefika mtoni, asiyejali ni nani anamtazama akinywa. Nella alisinzia mapajani mwa Dévote.

Ibada ilipokwisha, mashemasi walibaki mbele kukusanya vikapu vya sadaka, kama kawaida. Dévote, Prudence na mtoto walitoka peke yao kwenye jua. Walikuwa wameanza kutembea aliposikia viatu nyuma yake. Alikuwa Sylvère, tai imelegea, anahema. Alimchukua Nella mikononi, akapita upande wa nje, upande wa duka la soda.

Kwenye kona vijana walikuwa wamesimama wote. Shati la Sylvère lilikuwa limelowa mgongo mzima. Jimmy alikuwa na chupa mkononi.

"Shemasi," alisema.

"Jimmy," Sylvère alijibu, sauti ikakatika. "Naogopa sana, mwanangu. Tunaomba kupita."

Kijana mmoja alicheka. Jimmy hakucheka. Alimtazama yule mzee mwenye tai akitetemeka na mtoto aliyelala begani, akatazama pembeni, kwenye ukuta, kama mtu aliyeona jambo ambalo halikufaa kutazamwa. Hakusema pita, wala hakusema rudi. Wakapita. Jiwe moja lilitupwa nyuma yao, likaanguka mbali kwenye mfereji.

Huko Buyenzi, Mahfudha alikuwa akingoja mlangoni, na aliposikia hatua zao alirudi ndani haraka akatenga chakula. Dévote na Sylvère hawakuingia, mchana ulikuwa unakwenda na njia ya kurudi ilikuwa bado. Sylvère alimkabidhi Prudence mtoto. Dévote alitaka kusema neno la msamaha, alikuwa amelitafuta tangu kanisani, lakini kila alilolipata lilikuwa zuri mno, akaliacha.

Prudence alishika lango.

"Jumapili ijayo muje mapema kidogo," alisema. "Leo nyimbo za mwanzo zimetupita."

"Tutakuja," alisema Dévote, akaishika njia ya kurudi, ile yenye kona.